Mita ya Baiskeli Inasema Uko 87 na Unapanda Mlima? Haijaharibika, Inasikia Vibaya Tu

Cheki hii. Ni saa kumi na moja na nusu asubuhi, giza bado. Umetoka keja na baike yako ya ex-UK, taa ya mbele imewaka fiti, na unapanda mlima polepole ukihema kama mathree mzee. Unatupa macho kwa usukani: kilomita 87 kwa saa. Dakika mbili baadaye: sufuri. Halafu 34. Halafu sufuri tena. Jua linatoka, unazima taa, na ghafla mita inarudi kuwa na adabu: 14, 15, 14, vile inafaa.

Wasee wengi wakiona hiyo sarakasi wanafanya moja kati ya vitu vitatu. Wanaitupa, wanaiuza kwa bei ya kutupa, ama wanaipeleka kwa fundi. Fundi anaifungua, anaipuliza vumbi, anaifunga, anaitisha doh. Kesho asubuhi sarakasi inaanza upya. Na hiyo yote kumbe hakuna kitu kilikuwa kimeharibika. Shida ilikuwa hewani.

Leo tunachanuana kuhusu hiyo shida: mawimbi kuingiliana. Sikumaliza koleji, kwa hivyo usiogope, hakuna mahesabu ya kukutoa jasho hapa. Ukimaliza kusoma utajua nani anasumbua mita yako, na utajua kumshika bila kutoa hata thao moja.

Kwanza, mita inajuaje spidi yako?

Hizi kompyuta za baiskeli zisizo na waya, wengi tunaziita mita tu, zina kazi rahisi sana. Kwa spoku ya tairi ya mbele kuna kisumaku kidogo. Kwa foku kuna sensa. Kila tairi ikizunguka mara moja, sumaku inapita mbele ya sensa, sensa inatuma mpigo mmoja hewani, na mita kwa usukani inaupokea. Basi. Mita inapima muda kati ya mpigo mmoja na mwingine, halafu inapiga hesabu na urefu wa tairi.

Tairi ya kawaida ya baiskeli ya mbio, ile ya 700 kwa 25, ikizunguka mara moja inakula karibu milimita 2105, yaani mita mbili na kitu. Ukiwa na spidi ya 30, hiyo tairi inazunguka karibu mara 4 kila sekunde. Mita inasikia "pa, pa, pa, pa" na inaandika 30.

Sasa ona venye mambo yanaharibika. Mpigo mmoja kati ya kila miwili ukipotea njiani, mita inaona tairi imepunguza spidi nusu, inaandika 15. Kelele fulani ikiingia katikati na mita ikidhani ni mpigo wa sensa, inaandika 60. Yote ikizimwa na kelele, inaandika sufuri. Kwa hivyo mita haidanganyi. Inakuambia ukweli kuhusu kile imesikia. Swali ni imesikia nani.

Na makosa madogo ndio mabaya zaidi, juu huyaoni. Mita ikipoteza mipigo 5 katika kila 100, haitaruka ruka. Itakuonyesha tu kwamba umeenda kilomita 9.5 wakati umeenda 10. Unarudi hao ukidhani umelegea.

Mita za zamani zinasikiza kila mtu

Kuna vizazi viwili vya hizi mita, na kila kizazi kina ugonjwa wake. Lazima ujue yako ni gani kabla ya kuanza kulaumu.

Kizazi cha kwanza ni analogi. Ndizo zimejaa kwa baiskeli za mitumba na ndizo za bei ya chini. Zinatumia masafa ya chini sana, kilohezi chache tu. Kwa mfano, mikanda ya zamani ya Polar ya kupima mapigo ya moyo ilikuwa ikitumia karibu kilohezi 5. Nyingi za hizi mita hazina kitambulisho. Sensa haisemi "mimi ni wa baike ya fulani." Inapiga kelele moja fupi, na mita yoyote iliyo karibu inaweza kuchukua.

Ndio maana mkipanda wawili bega kwa bega, wote na mita za aina moja, unaweza kujikuta unasoma spidi ya mwenzako. Yeye akikanyaga, wewe ndio unaongeza spidi kwa karatasi.

Kizazi cha pili ni dijitali. Hizi zinatumia gigahezi 2.4, kwa mfumo wa ANT+ au Bluetooth, na kila sensa ina namba yake. Mita ikishaoanishwa na sensa yako, inapuuza sensa za watu wengine. Tutazifikia.

Kujua yako ni gani: ukinunua mpya, kijitabu kitasema. Kama huna kijitabu, angalia kama mita ilikuomba utafute sensa na kuioanisha siku ya kwanza, ama kama inaongea na simu. Kama ndio, ni dijitali. Kama uliweka betri tu ikaanza kuhesabu, na sensa lazima ikae karibu na usukani, hiyo karibu kila mara ni analogi.

Kanuni moja tu ya kukariri: umbali

Kama utasahau kila kitu kwa hii stori, shika hii moja.

Signo ya mita ya analogi haisafiri kama ya redio ya kawaida. Ni uga wa sumaku, na uga wa sumaku huchoka haraka sana. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu haishuki nusu. Inashuka mpaka sehemu moja ya nane. Ndiyo sababu vijitabu vingi vya hizi mita vinakuambia sensa isikae zaidi ya sentimita 60 au 70 kutoka kwa mita.

Hii ni habari mbaya na habari njema kwa pamoja. Mbaya, juu sensa ikiteleza chini kidogo kwa foku, signo inaanguka vibaya. Njema, juu hata kurekebisha kidogo kunalipa sana. Ukiisogeza sensa kutoka sentimita 80 hadi 60, signo inakuwa na nguvu zaidi ya mara mbili. Hujanunua kitu. Umelegeza kamba ya plastiki, ukapandisha, ukakaza.

Na hiyo kanuni inafanya kazi pande zote. Kile kinachopiga kelele karibu na mita kikisogezwa mbali, kelele yake pia inaanguka kwa kasi hiyo hiyo. Taa iliyokuwa sentimita 5 kutoka kwa mita ukiipeleka sentimita 10, kelele inaweza kushuka mpaka moja ya nane. Sentimita 5 tu, msee!

Kwa hivyo: sensa karibu, kelele mbali. Imeisha hiyo.

Ongeza kitu kimoja: mwelekeo. Ndani ya sensa na ndani ya mita kuna vikoili vidogo, na vinasikizana vizuri vikitazama upande mmoja. Sensa ikizunguka kwa foku ikatazama kando, signo inashuka hata kama umbali ni ule ule. Na iweke upande ule kijitabu kinasema, usibadilishe kwa sababu ya sura.

Washukiwa wa kawaida

*Taa ya LED.* Huyu ndiye mshukiwa namba moja, hasa kwa wasee wa kutoka asubuhi mapema. LED haipewi stima moja kwa moja kutoka kwa betri. Ndani ya taa kuna kisakiti kinachokata na kuwasha stima maelfu ya mara kwa sekunde ili kudhibiti mwangaza. Jicho lako halioni hiyo. Mita inaisikia vizuri sana. Taa nzuri hufungiwa hiyo kelele ndani. Taa za bei ya kutupa mara nyingi haziwekewi hiyo kinga, na wewe umeifunga kwa usukani, vidole viwili kutoka kwa mita.

Hapo kuna kitu cha kujaribu: badilisha mwangaza. Taa nyingi hupunguza mwanga kwa kukata stima zaidi, kwa hivyo inawezekana mita iko sawa taa ikiwa kamili, halafu inaharibika ukiweka mwanga wa chini. Ikifanya hivyo, umeshamshika mwizi.

*Nyaya kubwa za stima.* Si zile za mtaani. Nazungumzia yale majitu ya minara ya chuma. Ukipanda barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok, pale Suswa kuna kituo kikubwa ambapo laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani inaishia, na nyaya zinapita juu ya kichwa. Mita ya analogi ikipita chini ya kitu kama hicho inaweza kuchanganyikiwa kwa mita mia kadhaa, halafu ikapona yenyewe. Ikipona yenyewe, usiiguse. Haina shida.

*Milingoti ya TV na redio.* Milima ya Ngong inayo ya kutosha. Ukipanda kule na mita ikaanza kuota ndoto ukikaribia milingoti, usishtuke. Watengenezaji wenyewe huorodhesha vituo vya TV na redio, rada, reli za stima na magari kuwa sehemu ambazo mita inaweza kusoma vibaya. Reli yetu ya SGR hapa inatumia dizeli, kwa hivyo huyo si mshukiwa. Lakini ukienda kupanda baike kule Tanzania, kumbuka SGR yao ya Dar hadi Dodoma inatumia stima.

*Motor.* Injini ya petroli inarusha cheche kwa plagi, na cheche ni kelele ya redio. Motor ya stima nayo ina kisakiti cha kukata na kuwasha, kama taa, lakini kikubwa zaidi. Baiskeli ya stima ama nduthi ya stima ikikaa kando yako kwa taa za barabarani, mita ya analogi inaweza kuruka. Ikiondoka, inatulia.

*Betri.* Huyu si kelele, lakini anasingiziwa kuwa kelele. Betri ya sensa ikichoka, sensa inanong'ona badala ya kuongea, na kelele ndogo ambayo jana haikuwa shida leo inashinda. Baridi inazidisha. Betri ile ya kifungo ikiwa kwa baridi ya Limuru alfajiri, nguvu yake inashuka. Ndio maana mita inasumbua saa kumi na mbili na iko poa saa nne. Sensa nyingi hutumia CR2032. Hiyo namba si ya kisiri: upana wake ni milimita 20, unene milimita 3.2. Ukienda dukani sema tu hiyo namba, na badilisha ya sensa na ya mita siku moja.

Mita mpya: kitambulisho wanacho, lakini mtaa umejaa

Mita za gigahezi 2.4 zimetatua ile aibu ya kusoma spidi ya jirani. Zimetatua kitu kingine pia ambacho wengi hawajui. Sensa za ANT+ na Bluetooth hazitumi mpigo mtupu. Zinatuma hesabu yote: "mpaka sasa nimezunguka mara elfu nne mia saba, na ya mwisho ilikuwa saa fulani." ANT+ inarudia ujumbe kama huo karibu mara 4 kwa sekunde. Kwa hivyo ujumbe mmoja ama kumi ikipotea, ule unaofika unabeba jumla. Spidi inaweza kuganda kidogo, lakini kilomita zako haziibiwi.

Shida ni kwamba gigahezi 2.4 ni kama stage ya Githurai jioni. Kila mtu yuko hapo, juu vifaa vya nguvu ndogo havihitaji leseni kutumia hayo masafa. Wi-Fi iko hapo, Bluetooth iko hapo, maikrowevu ya kupasha chakula inavuja kidogo hapo hapo.

Vifaa vya ANT+ vya baiskeli hukaa kwa megahezi 2457. Chaneli ya 11 ya Wi-Fi inatanda kuanzia karibu 2451 hadi 2473. Unaona shida? Sensa yako imekalia kiti cha Wi-Fi ya ploti. Bluetooth ina ujanja zaidi: inaruka ruka kati ya vijichaneli 37, na ikipata kimoja kimejaa inakihepa.

Barabarani hiyo si noma sana, juu Wi-Fi ni mbali. Mahali inauma ni ndani ya nyumba. Siku hizi kuna wasee wanafunga baiskeli kwa treina sebuleni na kukimbizana na watu wa dunia nzima kwa kompyuta. Kama wewe ni mmoja wao na namba zinakatika katika, kabla hujalaumu sensa angalia vitu viwili.

Kwanza, ruta. Ingia kwa mipangilio yake, hamisha Wi-Fi ya 2.4 kutoka chaneli 11 iende chaneli 1. Ama peleka laptop kwa Wi-Fi ya gigahezi 5 kabisa.

Pili, tundu la USB. Hii inashangaza watu. Mwaka wa 2012 kampuni ya Intel ilichapisha ripoti ikionyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 na nyaya zake hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4. Yaani ile antena ndogo ya ANT+ uliyoichomeka kando ya hadi diski ya nje, imekaa kando ya msee anayepiga vuvuzela. Dawa ni waya wa kurefusha wa USB, mita moja ama mbili, uipeleke antena chini karibu na baiskeli. Kanuni ni ile ile: sensa karibu, kelele mbali.

Mwili wako ni ukuta

Kuna mshukiwa mwingine hapa kwa 2.4, na huyu huwezi kumwacha hao. Ni wewe.

Mawimbi ya 2.4 yanamezwa na maji, na mwili wa binadamu zaidi ya nusu ni maji. Wengi wetu hatuna mita ya bei, tunatumia simu. Simu iko mfuko wa nyuma ya jezi. Sensa iko kwa gurudumu la mbele. Katikati kuna mgongo, tumbo, na chapati za jana. Signo inafika ikiwa hoi.

Ndani ya nyumba inaweza kugonga kuta na kuzunguka mpaka ikufikie. Nje hakuna kuta. Ndio maana sensa inafanya kazi sawa kabisa ukijaribu sebuleni, halafu inakatika ukiwa barabarani, na unadhani umeuziwa feki. Jaribu simu kwa usukani ama mkoba wa mbele kwanza kabla hujarudisha dukani.

Na siku ya mashindano, usioanishe sensa kwenye mstari wa kuanzia. Umezungukwa na wasee mia, kila mmoja na sensa inayoongea. Mita ikitafuta "sensa yoyote," inaweza kushika ya mwingine, na safari hii haitaiachilia. Oanisha ukiwa kwako, peke yako.

GPS chini ya Expressway

Kuna mita zisizo na sensa kabisa, zinategemea GPS, na simu yako ya Strava ni moja wapo. Hapa signo inatoka mbali: setilaiti ziko kilomita 20,200 juu, na ikifika chini imekuwa dhaifu kupita kiasi. Kitu chochote kigumu kinaizuia ama kuirusha kando.

Nairobi tuna mfano mzuri. Tangu Expressway ifunguliwe 2022, ukipanda chini yake pale Mombasa Road una paa la simiti juu ya kichwa. Ukiingia katikati ya jiji, signo inagonga maghorofa kabla ikufikie, na mita inadhani uko barabara ya pili. Ndipo unaona mstari wako kwa ramani umepita ndani ya benki. Na kama mita inahesabu spidi kwa GPS, kila ukirushwa kutoka barabara moja hadi nyingine unapata spidi ya ndege.

Dawa: washa mita dakika chache kabla ya kuanza, mahali anga ni wazi, ishike setilaiti za kutosha. Na kama unapanda mjini sana, ongeza sensa ya gurudumu. Gurudumu halijali maghorofa.

Ikiwa mtu anaingilia kwa makusudi?

Hiyo yote ni kelele isiyo na nia mbaya. Lakini sai hata gia za baiskeli za bei hazina waya. Unabonyeza kitufe kwa usukani, gia inabadilika nyuma kwa mawimbi ya redio.

Agosti 2024, watafiti wa vyuo vikuu vya Northeastern na California San Diego kule Marekani walionyesha kwamba gia za Shimano Di2 zisizo na waya zingeweza kuingiliwa. Walirekodi amri ya kubadilisha gia kwa kifaa cha redio, halafu wakairudia baadaye, na gia ikatii. Walifanya hivyo kutoka umbali wa mita 10 hivi. Walionyesha pia kwamba mtu anaweza kuzima gia za baiskeli moja aliyoilenga. Fikiria msee yuko mbele kwa mbio, mlima unaanza, na gia inakwama ngumu.

Shimano walifanya kazi na hao watafiti na wakatoa programu mpya ya kuziba hilo pengo. Kama una Di2 isiyo na waya, sasisha. Funzo kwa sisi wengine ni hili: kitu kikikata waya, kinaanza kutegemea hewa, na hewa ni ya kila mtu.

Pima mwenyewe, dakika kumi

Kabla hujatoa doh kwa mtu yeyote, fanya hivi:

1. Zima kila kitu kwa baiskeli: taa, simu, spika, kamera. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono. Mita ikisoma vizuri, mita ni mzima.
2. Isiposoma, angalia sumaku inapita karibu na alama ya sensa, nafasi ya milimita chache tu. Halafu badilisha betri zote mbili. Halafu sogeza sensa juu.
3. Ikishasoma vizuri, washa taa peke yake. Pitia kila mwanga: juu, chini, kumetameta. Zungusha tena gurudumu.
4. Zima taa, washa simu. Halafu kamera. Kimoja kimoja, usichanganye. Ukiwasha vyote pamoja hutajua nani.
5. Ukimpata mkosaji, msogeze. Taa iende upande wa pili wa usukani, ama chini kwa foku ile isiyo na sensa, ama kwa kofia. Jaribu tena.
6. Kama yote ni sawa ukiwa umesimama na inasumbua tu barabarani, kumbuka ni wapi. Ikiwa ni mahali pamoja kila siku, ni hapo, si mita.

Na tafadhali, ile hekaya ya mtaani ya kufunga mita kwa foili ya nyama choma, achana nayo. Kwa mita ya analogi, foili ni nyembamba mno kuzuia uga wa sumaku wa masafa ya chini, kwa hivyo haisaidii. Kwa mita ya 2.4, foili inazuia kila kitu, pamoja na sensa yako mwenyewe. Umejifungia nje ya nyumba yako.

Ukishindwa kabisa, kuna dawa ya wazee: mita ya waya. Waya moja nyembamba kutoka foku hadi usukani. Haipendezi sana kwa picha, lakini taa haiisumbui, jirani haisomi, na bei iko chini.

Kwa nini ujali?

Utasema, ni namba tu. Lakini Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na akaonyeshwa njia na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara 4, na anajulikana dunia nzima kwa kuinamia ile skrini yake akihesabu nguvu. Kijana wa leo anayetaka kufika mbali anaulizwa namba zake. Namba zikipunguzwa na taa ya bei ya kutupa, anaonekana dhaifu kuliko alivyo.

Na hata kama hutaki kuwa Froome, kuna hii. Ukiwa na spidi ya 30 unakula zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mita ikianza kuruka unainama kuiangalia, sekunde mbili, na umeenda karibu mita 17 bila kuona barabara. Mathree imesimama ghafla mbele yako kubeba abiria, na kondakta hajui una mita wala sensa. Mita ikizusha njiani, iache izushe. Macho mbele, ufike, halafu jioni ukiwa hao umetulia, uzungushe gurudumu na uanze kuzima kimoja kimoja.